Aliyeishika Ngome Hakuishika Mombasa

Kuna kauli moja kuhusu Fort Jesus ambayo imerudiwa hata hakuna tena anayeihoji. Utaisikia kwa mtembeza wageni pale mlangoni, utaikuta katika vijitabu vya hoteli, na walimu wengi wa historia walikaririshwa wao kabla ya kuwakaririsha wanafunzi wao: aliyeishika ngome ndiye aliyeushika mwambao. Ukiomba ushahidi hupewa mmoja, tena kwa majivuno. Kati ya mwaka 1631 na 1875, unaambiwa, ngome hii ilitekwa na kutekwa tena mara tisa. Je, watu wangeuana kiasi hicho kwa ajili ya jengo lisilo na maana?

Nashangaa hesabu hiyo haijamshtua mtu. Mlango uliovunjwa mara tisa hatuusifii uimara wake, tunamwita seremala.

Ninachosema mimi ni hiki: Ngomeni hapakuitawala Mombasa hata siku moja, seuze mwambao. Lile ndilo lililokuwa jengo tegemezi kuliko yote kisiwani. Lilitegemea maji ya mvua, mchele uliotoka ng'ambo, mashua za wenyeji, upepo wa kaskazi, na zaidi ya hayo yote radhi ya watu waliolala nje ya kuta zake. Mwenye ngome aliyekuwa na radhi hiyo alikaa. Aliyeipoteza alitolewa, awe Mreno, Mwomani au Mmazrui, na mara nyingi alitolewa bila ukuta kupata hata ufa.

Picha ya ngome tuliyonayo vichwani haikutoka Mombasa. Imetoka kwenye sinema: mizinga inanguruma, lango linapasuka, mashujaa wanamiminika na panga mkononi, bendera inashuka na nyingine inapanda. Mtu aliyelelewa na picha hizo akiingia Fort Jesus hutafuta alama za risasi. Hana habari na birika la maji. Wala haulizi askari waliokaa humo walikula nini, nani aliwaletea, na kwa nini yule mletaji asichoke siku moja akabaki kwake.

Sina ugomvi na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyeichora. Alikuwa fundi hodari aliyewafanyia Wareno kazi India, na ramani aliyoitoa kwa ajili ya ujenzi ulioanza mwaka 1593 ilikuwa ya kisasa kabisa kwa zama zake: kuta nene juu ya mwamba wa matumbawe, na pembe nne zilizochomoza nje ili askari wa pembe moja aweze kumlenga adui aliyejibanza chini ya pembe nyingine. UNESCO hawakukosea walipoitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ninachokataa ni kulipa jiwe sifa ya mambo yaliyofanywa na watu.

Anayetaka kujua ngome hii iliishi vipi aiache ile mizinga ya uani ambayo kila mgeni hupiga nayo picha, ateremke kwenye Njia ya Matao. Ni njia iliyochongwa ndani ya matumbawe kushuka baharini, ili maji yakijaa mashua iweze kuteremsha shehena hapo bila kuonekana na bila kupita mjini. Aliyeichonga alijua kwamba itafika siku mji utafunga njia. Kisha aende akatazame michoro ya ukutani iliyopatikana kwenye pembe ya San Mateus na sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya humo humo. Ni kazi ya Wareno wa zamani, askari na mabaharia, waliokaa zamu wakachora kwa makaa na udongo mwekundu. Wamechora makanisa, samaki, watu waliovaa deraya. Na wamechora meli. Sijui ushahidi mwingine unaoeleza maisha ya mlinzi wa ngome vizuri zaidi ya huo: mtu amesimama juu ya ukuta unaosemwa kuwa unaitawala bahari, na kazi yake ni kuingojea meli ya chakula.

Tuje kwenye hizo mara tisa, maana ndizo silaha yao.

Ya kwanza ni ya 1631. Sultani wa Mombasa alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa na watu waliohongwa na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa mambo ya bahari na vita, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kukalia kiti cha baba yake. Wareno walimhesabu kuwa wao. Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja tu baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, alikuja ngomeni na watu wake kumtembelea kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Lango likafunguliwa. Nani atamfungia lango mfalme aliyekuja kumwamkia? Kapteni aliuawa kwa jambia katika ugeni huo huo, na ngome ya Wareno ikawa ya Yusuf. Cairati alikuwa amehesabu pembe zote za mizinga. Adabu ya kumkaribisha mgeni hakuihesabu, wala kisasi cha mtoto wa Sultani Hasan.

Hapo mbishi wangu huruka juu: mbona mwaka uliofuata kuta hizo hizo ziliwashinda Wareno wenyewe? Ni kweli. Mwanzoni mwa 1632 ulikuja msafara wa meli kutoka Goa, ukaizingira ngome kwa muda wa miezi miwili hivi, ukashindwa, ukaondoka. Naupokea ushahidi huo kwa mikono miwili, kwa sababu ni wangu. Kuta zilizoshindwa kumlinda Gamboa mwezi Agosti ziliwezaje kumlinda Yusuf miezi michache baadaye? Mawe hayakuongezwa. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliokuwa ndani ndio wenye mji, na waliokuwa nje ndio wageni wasiojua watakula wapi. Na Wareno waliipataje tena? Yusuf mwenyewe aliona hawezi kukaa humo milele akingoja msafara baada ya msafara. Akaibomoa alivyoweza, akaondoka kwa meli, akaingia uharamia. Wareno waliokuwa Zanzibar wakaja Agosti 1632 wakaokota jengo tupu. Katika ile orodha ya mara tisa, kuokota huko nako kumehesabiwa.

Juu ya lango pana bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno, na mtembeza wageni hulionyesha kama cheti cha ushindi. Ni la Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, na umri huo ameutaja mwenyewe asije mtu akausahau. Anasema ameijenga upya ngome, ameitiisha pwani ya Malindi, amewatoza kodi wafalme wa Manda, Luziwa na kwingineko, amewaadhibu Pate na Siu, amewaua wakuu waasi wa Pemba. Ni kijana anayejisifu, tumsamehe. Lakini hebu isome orodha hiyo kwa jicho la karani wa kodi, uliache jicho la mtalii. Pate wameasi, Siu wameasi, Pemba wameasi, Manda hawalipi, Malindi, rafiki wa Wareno tangu enzi za Vasco da Gama, nako kunahitaji kutiishwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 tangu ngome ianze kujengwa. Mwenye mwambao mkononi hana haja ya kuandika juu ya mlango wake majina ya wote wanaomkataa.

Hata hivyo, kisa wanachokitegemea zaidi ni kile cha 1696, na hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu ndicho kilichochafuliwa kuliko vyote. Kwa kawaida husimuliwa hivi: Waarabu wa Oman waliizingira ngome ya Wareno kwa miezi 33, wakashinda, enzi ya Wareno ikaisha. Watu wa pwani wamo kama minazi ilivyomo, wamesimama nyuma ya picha.

Kwanza, nani aliwaita Waomani? Wenyeji wa Mombasa ndio waliotuma watu kwa maimamu wa Oman katikati ya karne ya 17, baada ya kusikia kwamba Wareno wamefukuzwa Muscat mwaka 1650. Meli za Imamu Saif bin Sultan zilipoingia bandarini Machi 1696, zilikuwa zinaitikia maombi ya zaidi ya miaka 40. Pili, nani alikuwa ndani? Wareno wenyewe hawakufika mia. Waliobaki, mamia ya wanaume, wanawake na watoto, walikuwa watu wa pwani hii hii, na nguzo yao walikuwa watu wa Faza waliokuja na Bwana Daud. Faza walikuwa na ugomvi wao na Pate, jirani zao wa kisiwa kimoja, na Pate walikuwa upande wa Oman. Kwa hiyo vita tunavyoambiwa ni vya Ulaya na Uarabuni vilikuwa pia, na labda kwanza, ugomvi wa visiwa vya Lamu uliohamia Mombasa na kuvaa nguo za wageni.

Tatu, nini kiliua? Msomaji wa riwaya za vita atataka kusikia habari za mizinga. Mizinga ilipigwa, lakini kuta hazikuvunjwa nayo. Chakula kiliharibika, maji yakawa machache, na watu waliojazana humo wakapatwa na maradhi. Msaada ulipofika Desemba 1696 ulileta askari wapya wa kuugua. Kapteni baada ya kapteni alizikwa. Tarehe 28 Agosti 1697 alifariki António Mogo de Melo, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wengine wanane na wanawake wapatao 50. Kwa majuma kadhaa ngome ya Mfalme wa Ureno haikuwa na afisa wa Kireno wa kuiamuru. Iliamriwa na Mswahili wa Faza, naye hakuitoa.

Sasa niambiwe: aliyeishika ngome wiki zile aliushika mwambao? Daud alikuwa na kuta zote za Cairati na mizinga yote ya Mfalme, na asingeweza kwenda sokoni kununua samaki.

Tena tazama tarehe za misaada iliyotoka Goa. Desemba 1696. Desemba 1697. Desemba 1698. Si sadfa. Meli za Goa hushuka na kaskazi, na kaskazi ina mwezi wake; barua ya kuomba msaada nayo hungoja kusi ili ipande kwenda India. Kapteni akiishiwa unga mwezi wa Mei, kilio chake kitajibiwa karibu na mwaka mpya. Hilo lilijulikana na kila nahodha wa mtepe kuanzia Mogadishu hadi Sofala. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698, Waomani walipanda ukuta wakawakuta watu kumi na kidogo wenye nguvu ya kusimama: kapteni, askari tisa na padri. Juma moja baadaye meli za Goa zikatokea, zikaona bendera si yao, zikageuza. Miezi 33 iliishia kwenye tofauti ya siku saba za upepo.

Chini ya maji mbele ya ngome yamelala mabaki ya Santo António de Taná, manowari ya Kireno iliyokuja kuleta msaada ikazama hapo Oktoba 1697. Wanaakiolojia waliichimba kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vingi vimo katika makumbusho. Wageni huvitazama kama vitu vya hazina. Mimi naona bili ya matumizi ya ngome moja isiyoweza kujilisha.

Wanaoona njaa ya 1698 ilikuwa bahati mbaya ya mara moja wana tatizo la 1729. Mwaka 1728 askari wa Oman waliokuwa ngomeni waligombana wao kwa wao, Pate wakabadili upande, na Wareno wakarudi bila shida kubwa. Walikaa mwaka mmoja na nusu. Mji ukawachoka, ukawazingira, ukawanyima chakula, na Novemba 1729 wakasalimu amri wakaondoka, safari hii moja kwa moja. Hakuna imamu aliyekuja na meli, hakuna jemadari wa kuwekewa sanamu. Ni watu wa Mombasa na majirani zao wa bara waliowatoa Wareno mwambao huu kwa mara ya mwisho, kisha wenyewe wakapeleka wajumbe Oman kutaka liwali. Ajabu ni kwamba katika masimulizi ya kawaida mwaka 1698 hupewa ukurasa mzima na 1729 hupewa sentensi. Ushindi wa wenyeji hauna sinema yake.

Baada ya hapo wakaja Wamazrui, na hapa wabishi wangu hudhani wamepata pa kujishikiza. Ukoo mmoja ulikaa ngomeni karibu miaka 100. Je, si ngome iliyowapa nguvu? Basi waulize walikaa vipi. Liwali wa Kimazrui hakuamua jambo kubwa bila masheikh wa makundi mawili ya koo za mji, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na bila ya maelewano na Wamijikenda wa bara, ambao ndio waliokuwa jeshi lake hasa kulipokuwa na vita. Mwaka 1746 Liwali Muhammad bin Uthman aliuawa humo humo ngomeni na watu waliotumwa kutoka Oman. Ngome ikawa yao. Ndugu yake Ali akaponyoka kifungoni, akapata watu wa kumuunga mkono nje, akarudi akaitwaa. Waliokuwa na kuta walishindwa na aliyekuwa na watu.

Na walipotaka kuitumia hiyo nguvu ya ngome mbali na Mombasa, waliambulia nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1810, Wamazrui na washirika wao wa Pate walishuka Shela kuitia adabu Lamu. Walipigwa ufukweni pale hata mifupa ikabaki mchangani miaka mingi, na waliowapiga walikuwa watu wa mji ambao ngome yao wenyewe haikuwa imekamilika. Ile ya Lamu ilimalizika 1821.

Lililowaangusha Wamazrui halikuanzia kwenye ukuta wowote. Lilianzia kwenye mashamba ya mpunga ya Pemba. Pemba ilikuwa ghala la Mombasa, na katika miaka ya 1822 na 1823 watu wa Said bin Sultan, mtawala wa Oman, waliichukua. Tangu hapo mwenye ngome alikuwa na mizinga juu na sufuria tupu chini. Tazama alichofanya. Februari 1824 manowari ya Kiingereza, Leven, ilitia nanga ikiwa katika kazi ya kupima pwani, na Liwali Sulaiman bin Ali akamwomba kapteni wake, William Owen, aruhusu bendera ya Uingereza ipandishwe juu ya ngome. Akaruhusu, akamwacha Luteni Reitz, kijana ambaye homa ilimuua kabla mwaka haujaisha (Port Reitz ni jina lake). Jengo linalosemwa kuutawala mwambao liliomba kulindwa na kitambaa. London walipokataa jambo hilo mwaka 1826, kitambaa kikashushwa.

Said akaja mwenyewe 1828. Alipewa nafasi ya kuweka askari ngomeni kwa mapatano, akawaweka, akaondoka. Watu wa Mombasa wakawazingira askari hao humo humo, wakawashindisha njaa mpaka wakatoka. Akarudi tena na meli, akashindwa tena. Kilichompa Mombasa mwaka 1837 ni fitina: Wamazrui walikuwa wamegombana kuhusu kiti, baadhi ya masheikh wa mji, Wakilindini wakiwa mbele, wakamfuata Zanzibar wakamwambia njoo. Akaja, akapokewa. Wakuu wa Kimazrui wakakamatwa baadaye kwa hila wakapelekwa Bandar Abbas, hawakurudi. Mizinga ya mabaharia wake haikufanya, kwa miaka tisa, kazi iliyofanywa na masheikh wachache waliopanda jahazi kwenda Unguja.

Ya 1875 nitaipita haraka. Muhammad bin Abdallah, Al-Akida, alijifungia ngomeni akamwasi Sultani Barghash wa Zanzibar. Zikaja manowari mbili za Kiingereza, zikapiga mizinga Januari ile, akasalimu amri siku hiyo hiyo. Hii ndiyo mara pekee katika historia yote ya Fort Jesus inayofanana na sinema, nayo ilichukua saa chache.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu ambaye hakuwa na ngome. Mbaruk bin Rashid, mtoto wa ukoo ule ule uliofukuzwa Ngomeni, alikaa Gasi, kusini ya Mombasa, na kila alipokorofishana na Zanzibar aliingia msituni, akajihami Mwele, kwenye vilima vya Shimba, nyuma ya uzio wa miti. Masultani walimwandama kwa miaka mingi wakashindwa kummaliza. Mwaka 1895 alipokataa utawala wa Waingereza, ilibidi waje na jeshi lililoongozwa na admirali kuivunja Mwele, kisha waagize askari kutoka India, na bado hawakumkamata. Alivuka mpaka mwaka 1896 akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam hadi alipofariki 1910. Mwenye mizinga ya Al-Akida alidumu siku moja. Mwenye uzio wa miti na watu waliomficha aliwasumbua masultani na Waingereza. Mtu akitaka kufundisha watoto habari za nguvu za kijeshi katika pwani hii, basi na awapeleke Shimba. Bahati mbaya, miti huoza na haipigwi picha.

Hapo ndipo chanzo cha kosa lote. Tunaandika historia kwa kufuata kilichobaki kimesimama. Ukuta umebaki, basi ukuta ndio uliotenda. Mchele wa Pemba uliliwa, mitepe ilioza, maneno yaliyosemwa barazani usiku wa kuamua kumfungia kapteni njia ya sokoni hayakuandikwa na mtu. Wareno waliandika, kwa sababu ilibidi wamweleze Mfalme fedha zake zimekwenda wapi, na katika maandishi yao ngome ni kitovu cha dunia. Sisi tumeyapokea, tukawaondoa wao kitini tukawaweka Waarabu, tukawaondoa Waarabu tukawaweka Waingereza, lakini kiti tumekiacha pale pale, ndani ya ukuta. Mtoto wa Mji wa Kale anakua akijua majina ya mataifa yaliyomtawala kwa mpangilio wake, asijue kwamba babu zake waliwatoa mabwana wawili kwa kuwanyima chakula.

Najua jibu la mwisho la wabishi: kama ngome haikuwa na maana, mbona kila aliyekuja aliitaka? Sikusema haina maana. Ilikuwa makazi mazuri ya liwali, ghala la mali, mahali pa kukimbilia mji ukichafuka, na kiti cha heshima. Watu hupigania sana viti vya heshima. Lakini kuwa na kiti ni jambo moja na kutiiwa na watu ni jambo jingine, na wabishi wangu hawajawahi kunionyesha mwaka ambao ngome peke yake iliwatiisha watu.

Badala yake nitawaonyesha mimi waliowatiisha. Waingereza walifika wakaushika mwambao na bara lake kuliko yeyote kabla yao, wakaweka mahakimu, kodi ya kibanda, forodha, na reli iliyoanza kujengwa 1896. Ngome hawakuitaka. Mwaka 1895 waliifanya gereza, ikawa gereza hadi 1958, na wezi wa kuku walilala pale alipolala Bwana Daud. Mwambao waliuchukua kwa karatasi: ukanda wa maili kumi ulikodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwa malipo ya kila mwaka, na kwa kuwa kwa sheria ardhi iliendelea kuwa yake, bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus, mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, hadi 1963. Kwa kanuni yao, basi, aliyeushika mwambao wa Kenya muda wote huo alikuwa Sultani. Waingereza walipita chini ya bendera hiyo wakienda kazini, na sijasikia kwamba iliwazuia jambo lolote.